Nyumba ya Moduli Huangaliwa Kwenye Maungio

Mimi ni fundi seremala. Kwa miaka mingi nilijenga nyumba kwenye viwanja vya wazi, kisha nikaingia kiwanda kinachounda nyumba za moduli, na mwishowe nikahamia kikosi kinachozipokea nyumba hizo kiwanjani na kuziunganisha. Kote huko swali moja limenifuata. Mtu anaitazama moduli ikishuka kutoka kwenye kreni, halafu ananiuliza: “Fundi, hii ni nyumba ya kudumu au ya muda?” Mwingine anadhani ni kontena. Mwingine anainama kutafuta magurudumu chini yake. Nawaelewa, maana vyote hivyo hutoka kiwandani na vyote hufika kwa barabara. Lakini ni vitu tofauti, na anayevichanganya anaweza kununua asichokitaka au kukikataa kilichomfaa.

Moduli ni chumba kizima, au sehemu ya nyumba yenye vyumba kadhaa, iliyokamilika pande zote. Ina sakafu, kuta na dari, na ndani yake tayari mna nyaya, mabomba, milango, makabati ya jikoni, mara nyingi hata vigae vya bafuni na rangi ya mwisho. Fremu yake huwa ya mbao, ya chuma au ya zege. Inapopakiwa kwenye trela, sehemu kubwa ya kazi imeshamalizika. Wakati huohuo, kule kiwanjani, watu wengine wamekuwa wakichimba na kumwaga msingi. Muda unaokolewa hapo: fundi wa kiwandani hagongi misumari haraka kuliko mwenzake wa kiwanjani, ila kazi mbili zilizokuwa zikingojeana sasa zinakwenda pamoja.

Ikishakaa juu ya msingi na kufungwa, haihami tena. Marekani, ambako aina hizi zimetenganishwa kisheria kwa uwazi kuliko kwingi, nyumba ya moduli hukaguliwa kwa kanuni zilezile za jimbo au mji zinazotumika kwa nyumba iliyojengwa palepale. Na anayedhani ni kitu chepesi cha kupitishia siku aangalie Croydon, kusini mwa London: mwaka 2020 ilikamilika minara miwili ya makazi, mmoja wa ghorofa 38 na mwingine wa ghorofa 44, yote imepangwa kwa moduli za chuma kuzunguka viini vya zege, yaani nguzo nene za katikati zenye ngazi na lifti.

Nilipoingia kiwandani, kilichonishika kwanza kilikuwa ukavu. Kwenye kiwanja cha wazi nilizoea mbao zilizolala mvuani, zikalowa, zikakauka, zikapinda, na nilizoea kubembeleza ukuta uliopinda mpaka unyooke. Ndani ya kiwanda mbao hutoka ghalani zikiwa kavu na hubaki kavu. Fremu ya ukuta hulazwa juu ya meza yenye vizuizi vya kona, na kabla haijasimamishwa hupimwa kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari visipolingana, haiondoki mezani. Moduli hutembea kutoka kituo hadi kituo. Fundi bomba ana kituo chake, fundi umeme chake, na mkaguzi hupita kabla jipsamu haijafunika kitu. Nilipenda hilo kuliko yote. Kiwanjani nimeona kuta zikifunikwa jioni kwa sababu mkaguzi hakutokea mchana. Pale kiwandani moduli ilisimama ikamngoja.

Kiwanda hicho kina ukali wake pia. Kiwanja humruhusu mwenye nyumba kubadili mawazo, kiwanda hakimruhusu. Nakumbuka dada mmoja aliyekuja kuangalia nyumba yake ikiwa kwenye mstari wa kazi. Aliingia sebuleni, akasimama, akasema dirisha lingekaa vizuri zaidi upande wa pili. Alikuwa na haki ya kulitaka. Lakini mhimili wa juu ya dirisha ulishapigwa, waya wa swichi ulishapita mahali alipopaonyesha, michoro ilishaidhinishwa, na nyuma ya moduli yake zilikuwapo moduli za watu wengine zikingoja kituo hichohicho. Kulihamisha kungemgharimu kiasi ambacho hangekilipa kwa nyumba inayojengwa kiwanjani. Aliondoka kimya, na mimi niliumia kwa sababu hakuna aliyemkalisha mapema akamweleza kwamba siku ya kutia sahihi michoro ndiyo siku ya kujenga nyumba.

Tangu hapo, mtu akinifuata kwa ushauri, namwomba achore vyumba vyake kwa chaki kwenye sakafu yoyote pana, kwa vipimo vyake halisi, kisha atembee ndani yake. Afungue mlango wa jokofu ambalo halipo. Alale mahali pa kitanda. Chaki hufutika bure, mhimili haufutiki.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba moduli huwa na vifaa vingi vya ujenzi kuliko nyumba ya kawaida ya ukubwa uleule. Sababu ni safari. Nyumba iliyojengwa palepale haitikiswi barabarani, wala hainyanyuliwi kwa nyororo. Moduli inapitia yote mawili, kwa hiyo boriti zake hukazwa zaidi, na jipsamu mara nyingi hupakwa gundi juu ya kupigiwa skrubu ili isipasuke njiani. Halafu kila moduli ina kuta zake, kwa hiyo mbili zinapokutana, kati yao kunakuwa na kuta mbili. Zikipandana, dari ya chini na sakafu ya juu ni vitu viwili. Zinakula nafasi kidogo, lakini wanaoishi humo hunieleza kwamba sauti za chumba cha jirani hazipenyi kwa urahisi.

Barabara ndiyo inayotawala umbo. Upana wa moduli kwa kawaida hauzidi mita 4 au 5, kwa sababu hicho ndicho ambacho barabara nyingi na vibali vyake vinaruhusu, na kimo hubanwa na madaraja na nyaya za juu. Ukiona nyumba ya moduli yenye sebule pana sana, ujue sebule hiyo imepita juu ya mpaka wa moduli mbili, na katikati ya dari kuna kazi ambayo huioni.

Kazi hiyo isiyoonekana ndiyo iliyokuja kuwa yangu nilipohamia kikosi cha kiwanjani.

Siku ya kupandisha moduli watu hukusanyika kama kwenye harusi, na kwa kweli inapendeza: asubuhi kuna msingi mtupu, jioni kuna nyumba yenye paa. Mimi hufika mapema, wakati hakuna mtu, na kazi yangu ya kwanza ni kuupima msingi upya hata kama nimepewa karatasi inayosema umeshapimwa. Zege la kiwanjani lilizoea kusamehewa. Fundi wa kawaida akikuta msingi umepanda sentimita moja upande mmoja, hujaza saruji kidogo na kuendelea. Moduli haijui kusamehe. Imenyooka kwa milimita, na ukiikalisha juu ya msingi uliopinda, mpindo huo utajitokeza ghorofani kwa mlango usiofunga.

Siku moja tulikuta ukuta wa msingi umetoka nje ya mraba. Mkandarasi aliyeumwaga aliapa kwamba tofauti ni ndogo. Kreni ilikuwa imeshafika na kreni hulipwa kwa saa. Malori yalikuwa barabarani. Mwenye nyumba amekuja na wazazi wake. Msimamizi wetu alisikiliza wote, akapima tena mshazari mbele yao, akasema hapandishi. Kelele zilikuwa kubwa. Msingi ulirekebishwa, moduli zikarudi siku nyingine, na zilipokaa, milango yote ilifunga kwa kidole. Nimefanya kazi na wasimamizi wa kila aina, na yule ndiye ninayemwamini kuliko wote.

Baada ya moduli kukaa huja maungio. Moduli hufungwa kwa bolti au kwa mabamba ya chuma, pembeni na juu, na kwenye msingi. Mabomba huunganishwa, nyaya huunganishwa kwenye visanduku vinavyoweza kufunguliwa baadaye. Nje, mshono huzibwa dhidi ya maji. Ndani huzibwa dhidi ya hewa. Na katikati, kwenye ule uwazi mwembamba kati ya kuta mbili, lazima viwekwe vizuizi vya moto. Hapa nasema kwa mkazo wote. Uwazi huo ukiachwa bila vizuizi, moto na moshi hupata njia ya kupanda kutoka ghorofa moja hadi nyingine nyuma ya kuta, mahali ambapo mkaaji haoni na maji ya zimamoto hayafiki. Ni kazi ya dakika chache kila mahali, na akishafunika fundi wa mwisho, hakuna atakayejua kama ilifanyika. Ndiyo maana mimi huipiga picha, kila kizuizi, na picha hizo nampa mwenye nyumba.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba iliyowekwa na kikosi kingine. Maji yalikuwa yakishuka sebuleni kila mvua, na mwenye nyumba alishaamini kwamba moduli ni mbovu kwa asili. Tulipofungua paa tulikuta moduli zenyewe ziko salama kabisa. Kilichokosekana ni ukanda wa kuzuia maji juu ya mshono wa paa. Kiwanda kilisema kimekabidhi nyumba nzima. Waliopandisha walisema ukanda ni kazi ya kiwanda. Mzee yule alikaa na ndoo sebuleni kwa sababu mkataba wake haukuandika ni nani mwenye mshono.

Kwa hiyo leo nikitaka kumweleza mtu tofauti ya nyumba ya moduli na aina nyingine, sianzi na sura yake wala bei. Namwambia aulize mambo mawili: sehemu zinaungana wapi, na nani anawajibika pale zinapoungana.

Nyumba ya kawaida inayojengwa kiwanjani ina maungio kila mahali, madogo madogo, na yote hufanywa kwa mkono palepale. Kosa moja huwa dogo na hurekebishika, lakini makosa huwa mengi, na ubora wote hutegemea fundi, hali ya hewa na jicho la msimamizi siku ile. Uhuru wake hauna mshindani. Kiwanja chenye mteremko mkali, njia nyembamba isiyopitisha trela, umbo lisilo la kawaida: hapo mimi mwenyewe nakushauri ujenge palepale.

Nyumba ya paneli iko katikati. Kiwandani hutengenezwa kuta bapa, sakafu bapa na vipande vya paa. Kiwanjani husimamishwa na kuunganishwa, kisha nyaya, mabomba na umaliziaji wote hufanyika hapo. Husafirishwa kwa urahisi kuliko moduli kwa sababu hausafirishi hewa ya vyumbani. Seremala mmoja wa London aitwaye Manning aliuza vibanda vya namna hiyo miaka ya 1830 kwa wahamiaji waliokuwa wakienda Australia kwa meli. Ndugu yake wa karibu ni nyumba ya vifurushi, ambayo mbao zake huletwa zikiwa zimekatwa na kupewa namba. Kampuni ya Sears ya Marekani iliuza nyumba hizo kwa katalogi kuanzia 1908 hadi 1940, zikafika kwa treni, na nyingi bado zina watu ndani.

Paneli zina somo zito kuhusu maungio. Tarehe 16 Mei 1968, mlipuko wa gesi katika ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, ulisukuma nje paneli za zege za kona, na kona nzima ya jengo lile la ghorofa 22 ikaporomoka. Watu 4 walikufa. Jengo lilikuwa na miezi michache tu tangu wapangaji waingie. Zege la paneli halikuwa tatizo. Paneli zilikuwa zimeshikana kwa unyonge mno kiasi kwamba moja ikitoka, za juu yake hazina pa kuegemea. Lilipokuja kubomolewa miaka ya 1980, kazi ya hovyo ya maungio ilionekana wazi. Kila kijana ninayemfundisha kazi namsimulia habari hii kabla sijampa ufunguo wa bolti.

Nyumba inayohama, ile yenye magurudumu, ndiyo inayochanganywa na moduli kuliko zote. Hii hujengwa juu ya chasisi ya chuma ambayo hubaki chini yake maisha yake yote, hata ikiwekwa mahali ikatulia. Marekani ina kanuni ya kitaifa kwa ajili ya nyumba za namna hiyo zilizotengenezwa kiwandani, iliyoanza kutumika tarehe 15 Juni 1976, na nyumba hizo huwa na kibandiko chekundu cha chuma upande wa nje. Zilizotengenezwa kabla ya tarehe hiyo hazikupitia kanuni hiyo. Sizidharau. Zimewapa makazi watu wengi ambao wasingepata nyumba kwa njia nyingine. Lakini mahali pengi benki huzikopesha kwa masharti mengine, wakati mwingine kama gari, na mara nyingi ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Kwa mwenye nyumba hiyo tofauti ni kubwa mno, kwani muungano wa nyumba na ardhi ndio unaoamua kama anamiliki mali isiyohamishika au la.

Kontena sitalikalia sana. Ni chuma kilichobuniwa kubeba mizigo na kubebana kwa kona zake. Upana wake wa nje ni kama mita 2.4, ukiweka kizuia joto na jipsamu unabaki na chumba chembamba, na kila dirisha unalokata linapunguza nguvu ya ukuta. Kuna wanaolifanya vizuri. Mtu anayelichagua kwa kuamini kwamba limeshakuwa nyumba hushangaa akiona gharama ya kuchomelea, kuziba baridi na joto, na kuzuia kutu.

Moduli nazo zina mifano yake ya kujifunzia, na ninaoufikiria mara nyingi uko Tokyo. Mwaka 1972 mbunifu Kisho Kurokawa alikamilisha mnara wa Nakagin: kapsuli 140 zilizoshikizwa kwa bolti kwenye nguzo mbili za zege. Wazo lilikuwa kwamba kila kapsuli itachomolewa baada ya miaka 25 na kuwekwa mpya. Haikubadilishwa hata moja. Kapsuli zilikuwa mali ya watu wengi tofauti, zilikaribiana mno, na kuchomoa moja bila kuzigusa jirani zake kulikuwa tabu. Mnara ulibomolewa mwaka 2022, ingawa baadhi ya kapsuli ziliokolewa. Wakati huohuo kule Montreal, Kanada, jengo la makazi la Habitat 67 la mbunifu Moshe Safdie, lenye maumbo 354 ya zege yaliyopangana, linakaliwa hadi leo. Mmoja alikusudia nyumba inayoachana, mwingine alikusudia nyumba isiyoachana, na nyumba za moduli nilizojenga mimi ni za aina hiyo ya pili. Anayekuahidi kwamba utaifungua nyumba yako siku moja na kuihamishia kwingine, mwombe akuonyeshe kwenye mchoro kila bolti na itakavyofikiwa.

Kuhusu fedha, niseme nilichoshuhudia. Nyumba ya moduli si lazima iwe rahisi. Hupunguza muda, na muda ni pesa kwa anayelipa kodi mahali pengine akingoja, lakini usafiri na kreni hula sehemu ya akiba, na kiwanda kikiwa mbali akiba yote inaweza kuisha barabarani. Pia malipo huja mapema. Kiwanda hutaka kulipwa kabla moduli haijatoka, ilhali benki nyingi zimezoea kutoa mkopo kidogokidogo kadiri ukuta unavyoonekana kiwanjani. Nimeona moduli zilizokamilika zikilala uani kwa sababu tu karatasi za benki na za kiwanda hazikupatana. Na kiwanda kinahitaji oda zisizokatika, kwa kuwa mashine na mishahara havingoji. Katerra ya Marekani, iliyokusanya mtaji mkubwa wa wawekezaji kwa ajili ya ujenzi wa kiwandani, ilifilisika mwaka 2021. Kwa hiyo ulizia bima au dhamana inayolinda pesa zako kabla nyumba haijafika, na ulizia hilo kabla ya rangi ya makabati.

Limebaki suala la ukarabati, ambalo huibuka miaka baada ya furaha ya kuhamia. Mtu anataka kuondoa ukuta apate nafasi. Katika nyumba ya kawaida fundi mzoefu hutambua ukuta unaobeba kwa kufuata kenchi na mihimili. Katika nyumba ya moduli, ukuta unaoonekana wa kugawa tu unaweza kuwa ule unaobeba ukingo wa moduli nzima, na ndani yake kuna mabamba ya kuunganishia na vizuizi vya moto. Usikubali aguse mtu yeyote bila mchoro wa kiwandani. Mara nyingi kuna kibandiko chenye namba ya moduli ndani ya kabati, chini ya sinki au karibu na kisanduku cha umeme. Kipige picha, kisha omba michoro yote ya maungio kwa maandishi siku ya kukabidhiwa funguo, ukiwa bado unajua jina la kiwanda na kiwanda bado kipo.